Gari Ni Kioo: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Picha za Gari za Kisinema kwa Unreal Engine

Fundi wa kunyoosha bodi, akishapaka puti na kusugua msasa, haikagui kazi yake kwa kusimama mbele ya gari na kulitazama. Huinama pembeni, akasogeza jicho hadi lilingane na bati la mlango, kisha akafuatilia jinsi mwako mrefu wa taa ya tyubu unavyotambaa juu ya bodi. Pale mstari unapojipinda pasipo sababu ndipo lilipobaki bonde. Anayetaka kutengeneza picha za gari za kisinema ndani ya injini ya michezo ya kompyuta anahitaji jicho hilo kabla hajahitaji kadi ya michoro ya bei kubwa, kwa sababu rangi ya gari iliyopigwa klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, ni kioo kilichopindwa, na mtazamaji haoni sana rangi yenyewe bali vitu vinavyoakisiwa humo. Kwa hiyo swali litakalojirudia katika mwongozo huu ni moja: gari linaona nini?

Kazi tutakayoifuata ni shoti moja ya sekunde 8. Gari la saluni lenye urefu wa takriban mita 4.5, rangi ya samawati iliyokoza yenye chembe za metali, linapita kwenye lami iliyoloa muda mfupi baada ya jua kuzama, kwa kasi ya kilomita 72 kwa saa, na kamera inakwenda sambamba nalo. Kwa fremu 24 kila sekunde, shoti hiyo ina fremu 192. Maelezo yanahusu Unreal Engine toleo la 5.4 na yaliyofuata, ingawa majina ya baadhi ya vitufe huhama kidogo kati ya toleo na toleo.

Kwa nini injini ya michezo, na unahitaji nini

Programu za kawaida za kurenda, yaani kukokotoa picha ya mwisho kutoka kwenye modeli, huweza kutumia dakika nyingi kwa fremu moja, na mtu akisogeza taa hulazimika kusubiri ndipo aone matokeo. Injini ya michezo humwonyesha papo hapo, na katika kazi ya gari faida hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa kuhamisha taa kwa sentimita 20 kunaweza kuufanya mwako uruke kutoka boneti hadi kwenye kioo cha mbele. Mwaka 2018 Porsche, Nvidia na Epic Games walionyesha filamu fupi ya gari la mfano la 911 Speedster iliyorendwa papo hapo kwa ufuatiliaji wa miale, yaani kukokotoa njia ambayo mwanga hupita na kuakisiwa. Sehemu kubwa ya mvuto wake ulitokana na taa pana zilizopita juu ya bodi na kufichua umbo lake mstari baada ya mstari.

Utahitaji kompyuta yenye kadi ya michoro inayoweza kufuatilia miale kwa maunzi yake yenyewe. Kadi yenye kumbukumbu ya GB 8 inaweza kuanza kazi hii, lakini kwa picha za 4K zenye modeli nzito GB 12 au zaidi hupunguza sana visa vya programu kujifunga katikati ya kurenda. Unreal ni bure kwa mtu binafsi na kwa kampuni ambayo mapato yake kwa mwaka hayazidi dola milioni 1 za Marekani. Kampuni inayozidi kiwango hicho na kuitumia kwa kazi zisizo michezo hulipia dola 1,850 kwa kila mtumiaji kwa mwaka, utaratibu ulioanza mwaka 2024.

Soma pia leseni ya modeli ya gari. Modeli nyingi zinazouzwa mtandaoni zinaruhusiwa kwa matumizi ya habari na uhariri pekee, na nembo ya mtengenezaji wa gari ni mali yake hata kama umeinunua modeli kwa fedha yako. Kwa tangazo la biashara, ama pata ruhusa, ama ondoa nembo na utumie gari lisilofanana na la kampuni yoyote.

Fungua mradi mpya kwa kiolezo cha filamu na video. Washa viongezo vya Movie Render Queue (cha kurenda) na HDRI Backdrop (cha picha ya mbingu), na Datasmith (cha kuingiza modeli) ikiwa modeli yako inatoka kwenye programu ya usanifu wa kihandisi. Katika mipangilio ya mradi, chagua DirectX 12 na uwashe ufuatiliaji wa miale wa maunzi. Lumen, ambao ndio mfumo wa Unreal wa kukokotoa mwanga unaodunda, upe amri ya kutumia maunzi hayo, kisha weka kipengele cha Ray Lighting Mode kwenye Hit Lighting for Reflections. Usiliruke hilo la mwisho. Lumen ikiachwa ilivyo, vitu vinavyoonekana ndani ya akisi hupakwa rangi ya makadirio, na makadirio hayo hayamsumbui mtu kwenye ukuta wa plasta lakini hujianika wazi kwenye mlango wa gari.

Kuisafisha modeli

Unreal huhesabu kwa sentimita, na mhimili wa Z ndio unaoelekea juu. Gari la mita 4.5 lisome 450. Wanaoanza hulidharau jambo hili kwa kuwa gari dogo mara kumi likitazamwa na kamera iliyo karibu mara kumi huonekana sawa, hadi pale kina cha umakini wa lenzi na ukali wa taa vinapokataa kufuata hesabu na mtu asijue kwa nini picha yake inafanana na ya gari la kuchezea.

Ikiwa modeli imetoka kwenye usanifu wa kihandisi, nyuso zake ni za kihesabu na zitageuzwa kuwa poligoni, yaani vipande vidogo bapa, wakati wa kuingizwa. Uvumilivu wa mgeuzo uwe mdogo kwenye bodi, vioo na taa, na mkubwa zaidi kwenye sehemu zisizoonekana kama injini na sakafu ya chini. Ikiwa imetoka Blender au programu nyingine kama hiyo, hakikisha kingo zote zina mviringo mdogo. Hakuna ukingo wa bati duniani ulio mkali kama wembe, na ni ule mviringo wa milimita moja au mbili unaokamata uzi mwembamba wa mwanga kwenye pengo la mlango.

Kisha fanya jaribio la fundi wetu wa bodi. Livalishe gari lote materiali (mwonekano wa uso) ya kromu, lizungushie tufe kubwa lenye mistari myeupe na myeusi inayojiwakia, na uzungushe kamera polepole. Mistari itiririke kutoka paneli moja hadi nyingine bila kukatika. Ikijikunja kama karatasi iliyoloa, normali za meshi (mielekeo ya nyuso za modeli) zina kasoro, au paneli mbili zinazopaswa kuendelezana hazina mwelekeo mmoja. Yarekebishe hayo sasa, kwa sababu hakuna taa wala rangi itakayoyaficha baadaye.

Jambo moja kuhusu Nanite, mfumo unaoiwezesha Unreal kubeba mamilioni ya poligoni. Ufuatiliaji wa miale, kwa mpangilio wa kawaida, hauisomi meshi kamili ya Nanite bali nakala yake iliyopunguzwa, na matokeo yake ni akisi zenye vipandevipande na vivuli visivyokaa sawa kwenye bodi. Ama zima Nanite kwa gari lenyewe na uiachie mazingira, ama shusha thamani ya Fallback Relative Error hadi 0. Mimi huizima. Gari ni moja tu, na kadi ya kisasa hulibeba bila kulalamika.

Mwisho, panga familia ya vipande. Bodi iwe mzazi. Chini yake ziwe fundo nne za magurudumu, kila moja ikiwa na kitovu chake katikati kabisa ya ekseli. Kalipa ya breki usiiweke chini ya gurudumu, kwa kuwa itazunguka nalo na kila dereva atakayeitazama filamu atacheka. Iweke chini ya fundo linalofuata usukani, ili igeuke pamoja na gurudumu la mbele lakini isizunguke. Kinyume chake, mfuniko wa kati wenye nembo huzunguka na gurudumu, isipokuwa kwenye magari machache ya kifahari yaliyoundwa makusudi nembo ibaki wima.

Rangi: tabaka juu ya tabaka

Rangi halisi ya gari ina angalau tabaka mbili muhimu kwa jicho: rangi ya chini yenye chembe za metali, na klia inayoifunika. Unreal ina aina ya materiali inayoitwa Clear Coat inayoziiga zote mbili. Klia ipe thamani ya 1, na ukwaruzo wake (0 ni laini kama kioo) uwe kati ya 0.01 na 0.04. Rangi ya chini ipe umetali wa takriban 0.7 na ukwaruzo wa kati ya 0.35 na 0.5. Katika mipangilio ya mradi, washa normali ya pili ya Clear Coat. Hapo utaweza kuziweka chembe za metali kwenye tabaka la chini pekee huku klia ikibaki laini juu yake. Bila hivyo, chembe hukwaruza kioo chenyewe na gari huonekana limepakwa mchanga.

Klia huakisi takriban asilimia 4 tu ya mwanga unaoijia moja kwa moja, lakini kiasi hicho hupanda kwa kasi kadiri miale inavyoinama, hadi kukaribia mwanga wote pale jicho linapolingana na bati. Ndiyo maana ubavu wa gari uliotazamwa kutoka mbele hujaa mbingu ilhali mlango uliotazamwa uso kwa uso huonyesha rangi yake. Unreal hulikokotoa hili yenyewe, nawe huna haja ya kuongeza mng'aro kwa mkono. Ukijikuta unauongeza, tatizo liko kwenye mazingira ambayo hayana kitu cha kuakisiwa.

Materiali nyingine hazina mengi. Mpira wa tairi usiwe mweusi kabisa: rangi ya 0.03 na ukwaruzo wa 0.8 hutosha, pamoja na vumbi kidogo kwenye mashavu ya tairi. Kioo kitumie materiali yenye uwazi, na katika Post Process Volume (kisanduku cha mipangilio ya picha) uwashe akisi za ubora wa juu kwa vitu vyenye uwazi, la sivyo kioo cha mbele kitaonekana kama plastiki. Taa za mbele zinastahili subira zaidi: zipe bakuli la kuakisi, balbu au vipande vya LED, na kioo cha nje chenye unene halisi wa milimita chache, kila kimoja kikiwa meshi yake. Epic Games wametoa mkusanyiko wa bure wa materiali za magari, na ni mahali pazuri pa kuanzia hata kama utaishia kuzibadilisha zote.

Mwanga: kuliamulia gari litaona nini

Katika studio za picha za magari, chombo kikuu ni bapa kubwa la mwanga laini linaloning'inizwa juu ya gari, refu kuliko gari lenyewe. Wapiga picha hawalitumii kuliangaza gari tu. Wanalitumia ili lionekane ndani ya rangi, likichora mstari mmoja mrefu usiokatika kuanzia boneti, kupitia paa, hadi buti. Ukitaka kujifunza mwanga wa magari, anza na chumba cheusi ndani ya Unreal, bapa moja linalojiwakia lenye urefu wa mita 7 na upana wa mita 2.5, likiwa mita 3 juu ya ardhi. Lipe teksicha ya mteremko, kwamba ling'ae katikati na kufifia kuelekea kingo. Bapa lenye kingo kali huacha umbo la mstatili kwenye boneti, na mtazamaji hutambua mara moja kuwa ni taa. Lenye kingo zinazofifia huacha umbo la boneti. Lisogeze mbele na nyuma kwa nusu saa nzima. Ni zoezi litakalokufundisha kuliko video nyingi.

Kumbuka pia kwamba giza ni mwanga wa aina yake. Gari jeupe au la fedha katikati ya mazingira meupe hupoteza umbo lote, na dawa yake si taa nyingine bali mabango meusi pembeni yanayochora mistari ya giza kwenye mikunjo ya bodi. Gari jeusi linahitaji kinyume chake.

Kwa shoti yetu ya jioni, mbingu yenyewe ndiyo bapa. Tafuta picha ya mbingu ya nyuzi 360 yenye masafa mapana ya mwanga. Tovuti ya Poly Haven inazitoa bure chini ya leseni ya CC0, inayoruhusu matumizi yoyote. Ukiiingiza Unreal, kuna mitego miwili inayowapata karibu wote. Wa kwanza ni kwamba teksicha ya aina hii hubanwa hadi pikseli 512 kwa upande, na lazima uongeze kikomo hicho ndani ya mipangilio yake. Wa pili ni kwamba Sky Light, taa inayoangaza kwa mbingu hiyo, nayo ina ubora wake wa akisi, ambao kwa kawaida ni 128 tu. Upandishe hadi 1024 au 2048. Nimewahi kupoteza siku mbili nikishuku ukwaruzo wa klia, kumbe mbingu iliyokuwa ikiakisiwa ilikuwa na ukubwa wa stempu.

Zungusha mbingu hadi ule ukanda mwangavu wa upeo wa macho, upande lilikozama jua, ulale kwenye mstari wa bega la gari, yaani mkunjo unaopita chini ya madirisha. Nyuzi 10 kushoto au kulia hubadilisha kila kitu. Upande wa pili wa gari uache ushike giza.

Sasa tunafika kwenye jambo linalotofautisha picha ya gari lililosimama na ya gari linalokwenda. Mbingu ya nyuzi 360 huhesabiwa kuwa mbali sana, hivyo gari likisafiri mita 160 akisi yake haisogei hata kidogo juu ya bodi. Macho hayadanganyiki: gari linaonekana limesimama na barabara ndiyo inayovutwa chini yake. Unahitaji vitu halisi vilivyo karibu ambavyo akisi zao zitapita juu ya rangi, kama vile nguzo za taa, miti, ukuta wa zege, au paa la kituo cha mafuta. Kwa kasi yetu gari hupita mita 20 kila sekunde. Nguzo zikipandwa kila baada ya mita 30, mwako mmoja utapita juu ya boneti kila sekunde moja na nusu, na shoti itapata mapigo matano. Zikiwekwa kila baada ya mita 10, mapigo yatakuwa 16 na filamu itaonekana kama mtu anayewasha na kuzima taa. Mapigo haya yapange pamoja na muziki ikiwa tayari unaujua.

Vichwa vya taa za barabarani vifanye viwe vikubwa kidogo kuliko uhalisia na visiwe vikali mno, kwa sababu vyanzo vidogo vyenye mwanga mkali mno huzaa chembechembe zinazomemeteka ndani ya akisi. Hakikisha pia kwamba nguzo zilizo nje ya fremu hazifutwi na mfumo ili kuokoa kasi. Kamera haizioni, lakini gari linaziona.

Lami iliyoloa ni materiali mbili zilizochanganywa kwa ramani ya madimbwi. Maji hujaza vinyweleo vya lami, yakaifanya iwe nyeusi zaidi na laini zaidi kwa pamoja, hivyo palipoloa punguza rangi kwa karibu nusu na ushushe ukwaruzo hadi 0.1, na palipo na dimbwi hasa ushushe zaidi na uilaze normali. Barabara iliyoloa kila mahali kwa kiwango kimoja huonekana kama kioo kilichomwagiwa wino.

Magurudumu na uzito

Kipimo cha tairi husomwa ubavuni mwake. Tairi ya 205/55 R16 ina upana wa milimita 205, ubavu wenye asilimia 55 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Kipenyo chake kwa hiyo ni milimita 406.4 za rimu na milimita 225.5 za mbavu mbili, jumla milimita 631.9, na mzingo wake ni mita 1.985. Katika sekunde 8 gari letu linasafiri mita 160, ambazo ni mizunguko 80.6 ya gurudumu, sawa na nyuzi 29,018. Ndani ya Sequencer, kihariri cha mwendo cha Unreal, weka ufunguo wa 0 mwanzoni na ufunguo wa 29,018 mwishoni, kisha uchague mwendo wa mstari mnyoofu kati ya funguo hizo. Usiwashe ukokotozi wa mzunguko kwa kwaternioni (njia nyingine ya kihesabu ya kueleza mzunguko), kwa sababu huo hutafuta njia fupi na utakula mizunguko yako yote. Kwa gari lenye tairi za mbele na za nyuma zisizolingana, kama yalivyo magari mengi ya michezo, fanya hesabu mbili.

Hesabu hiyohiyo inafichua tatizo lingine. Kwa kasi yetu gurudumu hugeuka nyuzi 151 kila fremu. Rimu yenye miguu 5 hujirudia kila nyuzi 72, na nyuzi 144 ni miguu miwili kamili, hivyo jicho litaona rimu ikisogea nyuzi 7 tu kwa fremu, yaani inajivuta mbele kwa uvivu. Karibu na kilomita 69 kwa saa ingeonekana imesimama kabisa, na chini kidogo ya hapo ingerudi nyuma. Kamera za filamu hufanya vivyo hivyo, lakini kwenye kamera halisi shata hubaki wazi kwa nusu ya fremu, na katika muda huo miguu hupita nyuzi 75 na kuyeyuka kuwa duara la ukungu. Tutaupata ukungu huo wakati wa kurenda.

Gari lenye tani moja na nusu halitelezi kama sahani mezani. Likiongeza kasi, pua huinuka. Likifunga breki, pua huzama. Likikata kona, bodi huegemea nje. Nyuzi 1 hadi 1.5 zinatosha, na bodi ichelewe fremu chache nyuma ya magurudumu kabla haijatulia. Ongeza mtikisiko mdogo wa wima wa milimita 3 hadi 5, usiolingana kati ya mbele na nyuma. Tairi nalo lizame kiasi cha milimita 5 hadi 10 ndani ya lami, au libonyezwe kwa chini, ili lionekane limebeba kitu. Nimeona kazi zenye rangi nzuri ajabu zikiharibiwa na tairi linalogusa barabara kwa nukta moja kama mpira wa tenisi.

Kamera

Tumia Cine Camera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24 ili hesabu zako zilingane na za wapiga picha. Lenzi ya milimita 24 iliyo karibu hurefusha pua ya gari na kuifanya ionekane kali. Ya milimita 85 au 100 iliyo mbali hulikusanya gari na kulipa hadhi. Kwa shoti yetu nimechagua milimita 85 kutoka umbali wa mita 8, kamera ikiwa sentimita 60 kutoka ardhini, kimo cha taa za mbele. Kamera iliyo kwenye kimo cha macho ya mtu hulionyesha gari kama linavyoonwa na mpita njia sokoni, na mpita njia sokoni hana haja ya filamu.

Uwazi wa lenzi uangaliwe kwa hesabu. Kwa lenzi hiyo na umbali huo, f/1.4 hutoa kina kikali cha takriban sentimita 75 tu, f/5.6 hutoa takriban mita 3. F/8 hufikia mita 4.5, ambayo ni gari zima. Ukungu mwingi kwenye kitu kikubwa huliambia jicho kuwa kitu hicho ni kidogo, na hapo gari hurudi kuwa la kuchezea. Tumia f/5.6 na umakini ukae kwenye taa ya mbele iliyo karibu. Chagua mbinu ya kufuatilia kitu, ili umakini usipotee gari linaposogea.

Mwangaza wa picha uwe wa mkono. Ukiuachia mfumo ujirekebishe wenyewe, picha itapumua kila nguzo inapopita. Kwa f/5.6, shata ya 1/48 na ISO 800 utakuwa karibu na mwanga wa jioni ya kweli, ila picha nyingi za mbingu za mtandaoni hazikupimwa kwa vipimo halisi vya mwanga, kwa hiyo pandisha nguvu ya Sky Light hadi picha isomeke badala ya kuyavuruga mapatano ya kamera.

Mwendo wa kamera ufuate kitu kinachoweza kuwepo. Jiulize imebebwa na nini: mkono wa kreni juu ya gari jingine, reli, au mtu. Unreal ina reli na kreni zilizo tayari. Kamera isifungwe kwa gari kabisa. Iache itangulie na kuchelewa kidogo, sentimita 30 au 40 katika sekunde 8, kwa sababu dereva wa gari la kamera naye ni binadamu.

Kurenda

Tumia Movie Render Queue, si kitufe cha kurekodi skrini. Katika sehemu ya kulainisha kingo, zima mbinu ya kawaida kwa kuchagua None, weka sampuli 1 ya nafasi na sampuli 32 za wakati. Hii ina maana kwamba kila fremu hurendwa mara 32 katika nyakati tofauti za ule muda ambao shata iko wazi, kisha hujumlishwa. Ukungu wa mwendo, ukiwekwa 0.5, unalingana na shata ya nusu fremu. Zile nyuzi 75 za gurudumu sasa zimegawanywa katika hatua za nyuzi 2.4, na rimu hutoa duara badala ya mistari mifupi iliyonyooka, ambayo ndiyo alama ya kazi ya haraka. Ukiona bado kuna ngazi kwenye ukingo wa rimu, panda hadi 64.

Ipe injini fremu za kujipasha moto kabla ya kuanza, angalau 32, ili mwanga wa Lumen utulie. Katika Post Process Volume pandisha ubora wa akisi na wa mwanga unaodunda. Kazi hii haina mchezaji anayesubiri. Path Tracer, inayofuatilia kila mdundo wa mwanga bila makadirio, inapatikana katika foleni hiyohiyo. Ninaitumia kwa picha za kusimama na kwa shoti za karibu za taa za mbele, ambapo vioo vilivyopangana huishinda Lumen. Kwa shoti inayokwenda ya upana huu, Lumen iliyorekebishwa vizuri hutosha, na muda unaookolewa hutumika vyema kwenye mwanga.

Toa mfululizo wa picha za EXR, faili zinazohifadhi masafa mapana ya mwanga, za biti 16, kamwe si video moja kwa moja. Fremu ya 4K yenye chaneli nne huchukua takriban MB 66 kabla ya kubanwa, hivyo fremu 192 hukaribia GB 13. Ibane bila kupoteza ubora na uwe na diski ya kutosha. Ikiwa kila fremu inachukua sekunde 40, shoti nzima itachukua saa 2 na dakika 8. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 150, utabaki na fremu 149 nzima na kuendelea pale ulipoishia. Ukikatika ukiwa unatoa video, utabaki na faili isiyofunguka. Nalijua hilo kwa uchungu, na tangu siku hiyo sijarudia.

Kabla ya kuiacha usiku kucha, renda fremu 5 zilizotawanyika katika shoti kwa ubora kamili, na fremu 10 mfululizo pale nguzo inapopita. Za kwanza huonyesha makosa ya materiali na mwangaza. Za pili huonyesha kumemeteka, ambako hakuonekani kamwe kwenye picha moja.

Baada ya kurenda

Wakati wa kutoa EXR, zima mkunjo wa toni wa Unreal (unaobana mwanga ili utoshee skrini) katika mipangilio ya rangi, ili mwanga mkali wa taa na mbingu ufike kwenye programu ya kusahihisha rangi bila kubanwa. DaVinci Resolve katika toleo lake la bure hufungua EXR bila shida, na inatosha kwa kujifunza. Huko ndiko pa kuongeza punje za filamu, kung'aa kidogo kuzunguka taa, na giza kidogo kwenye pembe za fremu. Samawati ya gari ilinde isihamie kwenye zambarau unapozidisha ubaridi wa vivuli. Chukua fremu moja ya mchana ya gari lilelile na uiweke pembeni kama ushahidi.

Tazama shoti mara moja ikiwa imegeuzwa kushoto kulia, na mara moja kwenye simu nje ya nyumba. Ukikuta fremu mbovu, kwa mfano kati ya 131 na 140, huna haja ya kurenda zote upya. Weka safu hiyo pekee katika mipangilio ya matokeo, uache jina la faili lilelile, na uruhusu fremu za kujipasha moto zianze kabla ya 131, kwa sababu Lumen ikianza baridi katikati ya shoti, fremu ya 131 itatofautiana na ya 130 kwa mwangaza na mshono utaonekana kwenye boneti.